Ruzuku, fadhila na fungu: Nani atalipia safari ya dawa?

Jumamosi iliyopita nilishuka matatu pale Mamboleo, kwenye njia ya Kakamega, nikamkuta mama mmoja tunayejuana kwa miaka mingi. Yeye huuza miti shamba: magome yaliyokaushwa, mizizi iliyofungwa kwa kamba, na unga wa majani katika chupa zilizowahi kuwa za soda. Kabla sijamaliza kumsalimu, alinikaba kwa swali.

"Prof, yule kijana wa kemia alichukua magome yangu mwaka juzi. Akaandika vile mimi hupika, akaandika kila kitu. Akasema mtaniletea majibu. Majibu yako wapi?"

Kijana huyo si mwanafunzi wangu. Mimi ni mwalimu wa lugha. Alikuwa akisomea shahada ya uzamifu chini ya mwenzangu wa idara ya kemia katika chuo kimoja cha eneo hili, na kosa langu ni kwamba mimi ndiye niliyemwelekeza kwa mama huyu. Nikamweleza kwamba kazi ilisimama kwa sababu ruzuku iliisha kabla ya utafiti kukamilika.

"Ruzuku ndiyo nini?"

"Ni pesa za kufanyia utafiti, mama."

"Sawa. Sasa hiyo ruzuku ikiisha, malaria pia inaisha?"

Waliokuwa karibu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilipanda matatu ya kurudi mjini nikiwa na aibu kidogo. Swali hilo nimelibeba juma zima. Na kwa kuwa ukumbi huu ni wa lugha, nitaanza kulijibu kupitia maneno yenyewe, kwa sababu naamini sehemu ya tatizo la fedha za utafiti wa dawa imejificha katika majina tunayoziita fedha hizo.

Kutoka mti hadi dawa

Tuanze na neno dawa. Tulilipokea kutoka Kiarabu, kisha tukalipa kazi nyingi. Kuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya kunguni. Methali nayo inatukumbusha kwamba dawa ya moto ni moto. Katika Dholuo, lugha ya wengi wanaonunua kwa yule mama, neno yath lina maana ya mti na pia dawa. Kiswahili hakiko mbali na hapo. Mti uliotujia kutoka Bara Hindi tuliuita mwarobaini, kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini.

Majina haya yana hekima ndani yake, ila yanaficha jambo moja. Yanatufanya tudhani kwamba kati ya mti na dawa hakuna safari. Ukweli ni kwamba safari ipo, tena ndefu, na wanaoisafiri ni wataalamu wa kemia ya dawa. Tusiwachanganye na wafamasia. Mfamasia huijua dawa iliyokwisha kuwa dawa. Mkemia wa dawa hushughulika na kitu ambacho bado hakijawa dawa, na huenda kisiwe kamwe.

Gome moja lina mamia ya kemikali. Mkemia hulisaga, huliloweka, kisha huzitenganisha kemikali hizo fungu kwa fungu, na kila fungu hujaribiwa maabarani dhidi ya vimelea vya ugonjwa. Likipatikana moja linaloviua, kazi ndiyo kwanza imeanza. Lazima umbo la molekuli hiyo lisomwe kwa mashine yenye sumaku kubwa ambayo hupozwa kwa heliamu oevu mwaka mzima, itumike isitumike. Chuo kikikosa fedha za kununulia heliamu, mashine ya mamilioni hugeuka kuwa chuma tu.

Kisha huja usanisi. Wanafunzi wa shule za upili wanalijua neno hili kupitia usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mkemia naye hutengeneza molekuli. Huibadilisha ile ya asili kipande hapa na kipande pale, akapata molekuli ndugu makumi au mamia. Moja inaua kimelea lakini inadhuru ini. Nyingine ni salama lakini haiyeyuki tumboni, hivyo mgonjwa ataimeza na kuitoa kama alivyoimeza. Nyingine inafaa kwa yote ila huharibika ikikaa kwenye joto la Kisumu. Anayechujwa na kubaki hupelekwa kwa wanyama wa maabara, kisha kwa watu katika awamu tatu. Aghalabu safari hii huchukua miaka 10 hadi 15, na molekuli nyingi hufia njiani.

Mfano bora ni wa dawa tunayoitumia sote. Mnamo 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipekua maandishi ya tiba za jadi, na kitabu cha tabibu wa karne ya 4 kikamfumbua macho: mmea ule haukuchemshwa, ulilowekwa kwenye maji baridi na kukamuliwa. Alipotumia njia isiyohitaji joto kali, alipata kile kilichokuja kuitwa artemisinini, mwaka 1972. Lakini artemisinini yenyewe haiyeyuki vizuri katika maji wala mafuta. Ilibidi wakemia waibadilishe ndipo tukapata artemetha, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika vile vidonge tunavyoviita AL. Mwaka 2015 Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel. Kati ya kugunduliwa kwa kemikali hiyo na kidonge kufika katika zahanati za Kenya, mwaka 2006, ilipita zaidi ya miaka 30.

Angalia yaliyokutana hapo: ujuzi wa jadi, kemia ya kisasa, na fedha za umma zilizotolewa bila kujua kama zingezaa chochote. Yule mama wa Mamboleo anao ujuzi wa jadi. Mwenzangu wa kemia anayo kemia. Hilo la tatu ndilo lililotushinda.

Ruzuku ni ndugu wa riziki

Sasa tulitazame neno ruzuku. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa riziki. Kitenzi kuruzuku maana yake ni kumpa mtu riziki, na mtendaji wake wa kwanza katika Kiswahili ni Mwenyezi Mungu. Mungu humruzuku mja watoto, mvua na afya. Riziki huombwa na hungojwa, lakini haidaiwi. Ikikosekana, mtu hujipa moyo kwa kusema haikuwa riziki yake.

Serikali zetu ziliposhika neno hilo, zikalipa maana ya fedha zinazopunguza gharama ya kitu. Kila mkulima anajua mbolea ya ruzuku. Vyuo navyo vikalitumia kwa fedha ambazo shirika au serikali humpa mtafiti ili afanye kazi fulani kwa muda fulani, bila kuzirudisha. Kimatumizi neno limekaa vizuri na silipingi. Ninachosema ni kwamba limekuja na tabia za ndugu yake.

Mfumo wenyewe hufanya kazi hivi. Shirika hutoa wito. Wito huo hutaja mada, kiwango cha fedha na muda, ambao mara nyingi ni miaka 3 hadi 5. Mtafiti huandika andiko la mradi, kwa Kiingereza, na kamati ya wataalamu walio London au Bethesda huliweka kwenye mizani pamoja na mamia ya mengine. Walio wengi hukosa. Anayepata huajiri wasaidizi, huagiza kemikali kutoka ng'ambo, husubiri mizigo itoke forodhani, na akija kushtuka mwaka mzima umekwenda. Fedha zikiisha, wasaidizi hutawanyika na sampuli hubaki kwenye friza zikiomba umeme usipotee.

Hesabu hapo haihitaji mkemia. Ruzuku ya miaka 3 katika safari ya miaka 12 ni sawa na abiria aliyelipiwa nauli kutoka Mamboleo hadi Kiboswa, ilhali aendako ni Kitale. Atashushwa njiani na mizigo yake. Kijana aliyechukua magome alishushwa Kiboswa.

Mwaka 2025 ulitufunza zaidi. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje kwa siku 90. Shirika la USAID likavunjwavunjwa, na kufikia Julai lilikuwa halipo tena kama tulivyolijua. Mwezi Mei taasisi za afya za Marekani, NIH, zilitangaza kusimamisha utaratibu ambao vyuo vya huko viliutumia kuwagawia washirika wa nje sehemu ya ruzuku zao. Hapa kwetu kando ya ziwa, watu waliosomea kazi zao kwa miaka mingi walipokea barua za kuambiwa wakae nyumbani.

Wengi tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kusikitika. Lakini tujiulize: tulilalamika kwa msingi gani? Hatukuwa na dai. Aliyekuruzuku hulazimiki kumpenda, lakini huwezi kumshtaki kwa kuacha.

Fadhila na kisu

Neno la pili ni ufadhili. Limetokana na fadhili na fadhila, yaani wema anaotendewa mtu bila kustahili au kulipia. Tuna methali kadhaa kuhusu wema huu. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Fadhila za punda ni mashuzi. Asiyeshukuru tunamwita mtovu wa fadhila. Ukizichunguza, utaona kwamba karibu zote humkemea aliyepokea. Sijui hata moja inayomwambia mtoaji kwamba akianza kutoa ana wajibu wa kufika mwisho.

Nisije nikaonekana mtovu wa fadhila mimi mwenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na tangu mwaka huohuo Wamarekani wa CDC wameshirikiana na Wakenya katika utafiti wa malaria, kazi ambayo kitovu chake huku ni kituo cha Kisian, kwenye barabara ya Busia. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa majaribio makubwa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Kenya ilikuwa na vituo vitatu, na viwili vilikuwa vya kwetu: Kombewa na Siaya. Septemba 2019 ilianza kutolewa kwa watoto wa kaunti ya Homa Bay, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Hayo ni mafanikio ambayo wauguzi na wazazi wa Nyanza walichangia kwa kiasi kikubwa.

Lakini tuseme pia upande wa pili. Chanjo hiyo ilibuniwa Ulaya kuanzia miaka ya 1980, ikaja kwetu kujaribiwa. Artemetha na lumefantrini, dawa mbili zinazounda AL, zilitoka China. Fedha nyingi zinazofika ziwani huja kulipia kipande cha mwisho cha safari, yaani kujaribu kwa watu kitu kilichotengenezwa kwingine. Kipande cha mwanzo, ambacho ndicho kemia ya dawa, hupata makombo. Simlaumu mfadhili. Chanjo ya malaria hujaribiwa penye malaria, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa ukanda wa ziwa, dhidi ya asilimia 6 kwa nchi nzima. Ila wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Anayetoa fedha ndiye anayechagua swali la kuulizwa.

Kuna atakayeuliza, "Kwani kuna shida gani dawa ikitoka China au Uswisi, bora iponye?" Swali ni la haki. Jibu limo katika historia yetu. Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea. Dawa iliyoshika nafasi yake nayo ikashindwa, na mwaka 2004 sera ikabadilishwa tena ili tuhamie AL. Kila mara tulingoja mbadala utoke kwingine, na kungoja huko kulikuwa na makaburi, mengi yakiwa ya watoto. Sasa vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Nchi mbili kati ya hizo tunakunywa nazo maji ya ziwa moja.

Mali iliyosimamishwa

Je, kuna namna nyingine ya kulipia safari ndefu? Ipo, na Kiswahili kinalo neno lake tangu kale: wakfu. Kiarabu chenyewe kina kitenzi chenye maana ya kusimama. Mali ya wakfu ni mali iliyosimamishwa. Haiuzwi wala hairithiwi. Mtaji wake hauguswi. Kinacholiwa ni mazao yake tu. Mombasa na Lamu zina nyumba, mashamba na maduka ya wakfu ambayo kodi yake hutunza misikiti na maskini, ingawa waliyoyatoa walishakufa zamani.

Wazungu nao wana wakfu zao. Henry Wellcome, Mmarekani aliyetajirika London kwa kutengeneza vidonge, alifariki mwaka 1936 akiwa ameandika katika wosia wake kwamba hisa za kampuni yake zishikwe na wadhamini na faida yake iendeleze utafiti wa afya. Huo ndio Wellcome Trust, ambao tangu 1989 umelipia kwa sehemu kubwa utafiti wa Kilifi, kwa ushirikiano na KEMRI. Marehemu hawezi kubadili nia baada ya uchaguzi, ingawa wadhamini wake wanaweza kubadili mada.

Mfano mwingine unatugusa zaidi sisi wa ziwani. Neno malale limetokana na kulala, kwa kuwa mgonjwa husinzia mchana na mwisho huzama katika usingizi asioamka. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa hili, hasa upande wa Uganda. Bonde la Lambwe, kule Homa Bay, lilijulikana kwa mbung'o wake hadi juzijuzi tu. Kwa miongo mingi dawa ya hatua ya mwisho ya malale ilikuwa na aseniki, sumu kabisa, na ilimuua takribani mgonjwa mmoja kati ya 20 waliodungwa.

Ilhali molekuli iliyo bora ilikuwapo. Fexinidazole ilikwisha kutengenezwa na kampuni ya Ujerumani, ikawekwa kabatini katika miaka ya 1980 kwa sababu wagonjwa wa malale hawana pesa za kununua dawa. Madaktari Wasio na Mipaka walipopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1999, fedha zake walizielekeza kwenye magonjwa yaliyosahaulika, na mwaka 2003 likazaliwa shirika la DNDi, KEMRI ikiwa miongoni mwa waasisi. Shirika hilo lilipekua kabati za kampuni, likaikuta molekuli ile mwaka 2005, na likasafiri nayo hadi ikaidhinishwa mwaka 2018 kwa aina moja ya malale, kisha kwa aina inayopatikana upande wetu baada ya majaribio ya Malawi na Uganda. Ni vidonge vya kumeza tu. Molekuli ilingoja miaka 20 si kwa kukosa sayansi, ila kwa kukosa mtu wa kulipa nauli.

Afrika Kusini imeonyesha kwamba hata kipande cha mwanzo kinaweza kufanywa Afrika. Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2010. Miaka miwili baadaye kikatangaza molekuli ya kutibu malaria iliyobuniwa chini ya uongozi wa Waafrika, nayo ikaingia katika majaribio kwa watu hukohuko Cape Town. Fedha zilitoka kwa mashirika ya nje, lakini serikali ya Afrika Kusini nayo ilitia zake. Molekuli hiyo haikufika kuwa dawa. Ilifia njiani kama nyingi nyingine. Kituo hakikufa nayo, kwa kuwa kililipiwa kama kituo na si kama safari moja, na wataalamu waliofunzwa kwa molekuli hiyo wanaendelea na nyingine.

Ahadi ni deni

Turudi nyumbani. Kenya haina upungufu wa maneno katika jambo hili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuelekeza kwamba kila mwaka itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Ni sheria, wala si hotuba ya jukwaani. Mpaka leo matumizi yetu yote ya utafiti, ukijumlisha na fedha za wageni, hayajafikia hata asilimia 1. Hazina ni neno lenye maana ya mahali pa kuwekea mali ya thamani. Ukijenga ghala bila kutia nafaka, umejenga kibanda cha panya.

Najua pia kwamba fedha za umma peke yake si dawa. Tuliokuwa watu wazima mwaka 1990 tunaikumbuka Kemron, iliyotangazwa kwa shangwe mbele ya rais kuwa tiba ya Ukimwi. Wagonjwa walikuja kutoka mbali. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwa uangalifu, likiwemo moja la Kampala, hayakuona faida yake. Funzo si kwamba Waafrika wasijaribu. Funzo ni kwamba anayetoa fedha, awe serikali au mgeni, asiharakishe jibu wala asilitangaze kabla wataalamu wengine hawajalikagua. Fedha za utafiti zinunue swali na muda wa kulijibu. Jibu lenyewe haliuzwi.

Basi tuziite nini? Ningependekeza neno lisilotoka mbali: fungu. Pale Mamboleo nyanya na omena huuzwa kwa fungu. Kwenye bajeti tuna mafungu ya matumizi. Waumini wanalijua fungu la kumi, ambalo hutengwa kabla ya kula, wala halisubiri kibaki nini. Fungu si fadhila. Mtu ana fungu lake, na akilikosa anauliza liko wapi. Tukiacha kusema "ruzuku ya utafiti" na kuanza kusema "fungu la utafiti", hatutakuwa tumepata shilingi hata moja zaidi. Ila mbunge wetu akija kuomba kura, tutaweza kumuuliza kuhusu fungu letu kama tunavyomuuliza kuhusu barabara na basari. Riziki haiulizwi hivyo.

Fungu hilo nalo liwe na sehemu ya yule mama. Tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayosema wenye maarifa wapewe haki yao maarifa hayo yakiwafaidi wengine. Haki ya kwanza kabisa, hata kabla ya pesa, ni kuletewa majibu.

Juzi nilimpigia mwenzangu wa kemia. Aliniambia sampuli bado zipo kwenye friza, zimefikia hatua ya kutenganishwa, na kwamba mafungu mawili yalionyesha dalili ya kuua vimelea, jambo ambalo bado si ushahidi wa kitu. Nilimwomba aandike hayo kwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Ameandika. Jumamosi hii nitaupeleka Mamboleo, nimsomee mama yale yanayojulikana na yale yasiyojulikana, na nimwambie tena kwamba mwenye homa apimwe kwanza.

Najua ataniuliza mengine yatakuja lini. Nitamjibu kwa methali mbili anazozijua kuniliko. Ahadi ni deni. Na dawa ya deni ni kulipa.